Nani Alisema Wanawake wa Ugiriki Walinyamaza?

Kuko neno moja lenye linarudi kila mara tunapozungumza juu ya mila, na linasemwa zaidi na watu wenye kusoma, si wazee wa kijijini. Linasemwa hivi: msitusumbue na haki za wanawake, kwa sababu hata Wagiriki, wenye kuzaa demokrasia na filozofia, walimweka mwanamke nyumbani, naye alinyamaza, na mji ulisimama. Mwenye kusema hivyo anapigiwa makofi. Kwetu jina la Ugiriki ni sawa muhuri wa serikali: likisha kupigwa juu ya karatasi, hakuna mtu anauliza tena.

Mimi ninauliza. Nimefundisha historia na Kifaransa katika sekondari miaka karibu makumi mawili, na ninasema wazi kama ndugu hao hawakusoma vitabu vyenye wanataja. Walisoma ufupisho wake, ao walisikia ufupisho wa ufupisho. Sehemu moja ya neno lao ni kweli: wanaume wa Athene walimfungia mwanamke. Sehemu ya pili ni uongo. Yeye hakunyamaza, na mashahidi wa kwanza wa jambo hilo ni waandishi wa Kigiriki wenyewe, hata wale wenye hawakumpenda.

Tuanze na ile ya kweli, mtu asiseme tunaificha. Katika Athene ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo (K.K.), mwanamke alikuwa chini ya mwanaume siku zote: baba, kisha bwana, kisha pengine mtoto wake mwenyewe. Hakuingia katika mkutano wa raia, hakupiga kura, hakuhukumu. Sheria haikumruhusu kufanya mapatano ya mali yenye kupita bei ya medimnos moja ya shayiri, ni kusema kipimo cha litre karibu 50. Xenophon anatuletea bwana mmoja, Ischomachos, mwenye kueleza kwa furaha namna alimfundisha bibi yake kazi za nyumba; bibi huyo alipoolewa hakuwa amefikisha miaka 15. Na mahari ilikuwa kinyume cha yetu: ilitoka kwa baba ya msichana ikaenda kwa bwana, na wakiachana, ilirudi pamoja naye. Msichana mwenye kuachwa na baba bila kaka, ndugu wa karibu wa baba alikuwa na haki ya kumuoa ili mali isitoke katika jamaa. Wakwetu wenye kujua habari za kurithi wajane watasikia hapo harufu yenye wanaijua, ijapokuwa sheria si moja.

Kisha kuko Perikles. Katika majira ya baridi ya mwaka 431 kuingia 430 K.K., alihutubia mji juu ya wale wa kwanza kufa katika vita na Sparta. Thoukydides anaandika kama mwishoni aliwageukia wajane na kuwaambia kama sifa kubwa ya mwanamke ni kutotajwa kati ya wanaume, kwa wema ao kwa ubaya. Hilo ndilo neno lenye ndugu zetu wanashika sawa fimbo. Lakini Perikles huyo, kisha hotuba, alirudi nyumbani kwa nani? Kwa Aspasia wa Miletos, mwanamke mgeni mwenye Athene yote ilikuwa ikimtaja. Wachekeshaji walimtaja, wafilozofia walimtaja. Plato, katika kitabu chake Menexenos, anamfanya Sokrates aseme kama Aspasia ndiye alikuwa akitunga hotuba za namna hiyo na kuwafundisha wanaume kuzisema. Plato anatania, ndiyo. Lakini utani unashika tu kama watu wanajua jambo lenye kutaniwa. Basi yule mwenye kuwashauri wajane wanyamaze, mji wake ulicheka na kusema kama maneno yake yenyewe yalitoka kwa mwanamke.

Sasa tufungue vitabu. Iliad ya Homeros, mwenye tulifundishwa kumwita Homère, tunaifundisha kama hadisi ya hasira ya Achilleus. Vizuri. Hasira juu ya nini? Juu ya mwanamke, Briseis, mwenye Achilleus alipewa kama sehemu ya mateka na Agamemnon akamnyang'anya. Wanafunzi wanaandika katika mtihani kama Achilleus alikosewa heshima. Ni kweli, lakini soma mpaka kitabu cha 19. Hapo Briseis anarudishwa, anakuta Patroklos amelala amekufa, na anaanza kulia kwa sauti. Katika kilio hicho anasema yeye ni nani: alimwona bwana wake akiuawa mbele ya mji, na ndugu zake watatu, watoto wa mama mmoja naye, wakafa siku ileile. Mwenye kuwaua ni Achilleus. Na Patroklos, mwenye moyo wa upole, alikuwa akimtuliza kwa kumwahidi kama atamfanya aolewe na Achilleus huyo huyo. Hiyo ndiyo faraja ya mateka: kuwa bibi halali wa mwenye kuua bwana wako. Homeros hasemi kama ni vibaya. Anaongeza neno dogo tu, kama wanawake wengine walilia pamoja naye, kwa nje wakimlilia Patroklos, kwa ndani kila mmoja akililia taabu zake mwenyewe. Aliyeandika hayo alikuwa amesikia kilio cha kweli, si cha kubuni. Nani kati yetu, mwenye kuketi katika matanga ya mkoa huu kisha vita vya mwaka 1996 na 1998, hajui kilio cha namna hiyo?

Katika Odyssey kuko mahali penye wapenzi wa kimya wangepaswa kupaka rangi nyekundu. Ni kitabu cha kwanza: Telemachos, kijana asiye na ndevu za kutosha, anamwambia mama yake Penelope arudi juu kwenye kazi yake ya kufuma, kwa sababu maneno ni ya wanaume. Mama anashangaa, anapanda. Wanasoma mpaka pale, wanafunga kitabu. Ungeendelea, ndugu! Utaona kama ni kufuma huko huko kulishika nyumba: miaka mitatu Penelope anafuma sanda ya mkwe wake mchana na kuifumua usiku, ili asiolewe na mmoja wa wale wenye kula mali ya mtoto wake. Utaona kama bwana mwenyewe, aliporudi, hakupokelewa mpaka alipojibu mtihani wake juu ya kitanda. Utaona pia jambo baya, kitabu cha 22: watumishi wa kike 12 kati ya 50 wanahukumiwa kwa sababu walilala na wachumba. Odysseus aliagiza wauawe kwa upanga. Telemachos, yule mwenye kusema maneno ni ya wanaume, akaona upanga ni kifo kisafi kupita kiasi kwao, akawatundika kwa kamba. Hakuna aliyewauliza kama walikuwa na nguvu ya kukataa. Homeros anasema miguu yao ilitikisika muda mfupi. Mwalimu mwenye kuruka ukurasa huo hafundishi Homeros.

Lakini kitabu chenye ningependa kila mzee wa jamaa asome ni wimbo wa zamani kwa Demeter, wa karne ya 7 ao ya 6 K.K., wenye tumezoea kusema kama unaeleza tu majira ya mwaka. Majira yako ndani, lakini habari yenyewe ni ndoa. Zeus, baba ya Persephone, anamtoa kwa Hades, mfalme wa wafu, ndugu yake mwenyewe. Mama hakuulizwa. Msichana hakuulizwa. Anakwenda kuchuma maua, ardhi inafunguka, anabebwa. Anapiga kelele akimwita baba, na baba amekaa mbali katika hekalu lake akipokea sadaka. Kimya kiko kwa baba hapo, si kwa binti.

Mama anatafuta siku tisa, bila kula, bila kuoga. Mwishoni Helios, jua lenye kuona yote, anamwambia ukweli, na anaongeza shauri. Hebu sikilizeni shauri hilo: acha kulia, mama, Hades si mkwe mbaya, ni wa damu moja nawe, na ana cheo kikubwa. Wandugu, sisi wote tunajua sauti ile. Ni sauti ya wajomba na baba wadogo kisha mambo kuisha kukatwa bila mama kujua. Na mama huyu anajibu namna gani? Anatoka mbinguni, anakataa kurudi, anazuia mbegu zisiote. Watu wanakaribia kufa njaa, na miungu inakosa sadaka. Zeus anawatuma wakubwa mmoja mmoja na zawadi, anawarudisha wote. Hakubali kitu mpaka amwone mtoto wake kwa macho yake. Zeus akashindwa. Mkubwa wa miungu yote alishindwa na mama mmoja mwenye kugoma.

Kuko jambo dogo mwishoni lenye wengi hawaoni. Msimulizi anasema Hades alimpa msichana mbegu ya komamanga kwa siri, ndiyo sababu ilimlazimu kurudi kuzimu theluthi moja ya kila mwaka. Lakini Persephone, alipoulizwa na mama yake, anasimulia yote upya kwa kinywa chake, na yeye anasema alilazimishwa kwa nguvu, hakutaka. Ushuhuda wa msichana si sawasawa na ule wa msimulizi, na mtunzi ameuacha yote miwili isimame. Na si hadisi ya vitabu tu: kila mwaka wanawake wenye kuolewa wa Athene walifanya sikukuu ya Demeter na binti yake, Thesmophoria, siku tatu, wanaume hawaingii. Mji wenye kutaka mwanamke asitajwe ulimwachia siku tatu za kukutana na wenzake juu ya habari ya binti mwenye kuibiwa kwa ruhusa ya baba yake.

Mtu atanijibu: wewe unaleta miungu, tuambie habari ya sheria. Sawa. Mwaka 458 K.K. Aischylos alionyesha Athene mchezo wa hukumu. Agamemnon alikuwa amemchinja binti yake Iphigeneia ili apate upepo wa kwenda Troia. Kisha miaka kumi anarudi, pamoja na mateka Kassandra. Bibi yake Klytaimnestra anamuua. Mtoto wao Orestes anamuua mama. Katika shule tunasema: mwanamke mwovu aliua bwana. Iphigeneia anapotea njiani, ijapokuwa Klytaimnestra anamtaja waziwazi mbele ya wazee wa mji na kuwauliza kwa nini hawakumfukuza baba mwenye kuua mtoto wake. Hawakuwa na jibu.

Katika hukumu, Apollo anamtetea Orestes kwa neno la ajabu: mama si mzazi, mzazi ni mwanaume mwenye kutia mbegu, mwanamke anailinda tu sawa mgeni. Neno hilo linapendwa hata kwetu, katika lugha zetu, tunapogawanya watoto wa marehemu. Lakini hesabuni kura! Mungu mwenyewe ni wakili, waamuzi ni wanaume wote, na kura zinalingana. Orestes anaachiliwa kwa sababu Athena yuko upande wake, na Athena anaeleza kwa nini: yeye hakuzaliwa na mama. Aischylos hakuficha. Alionyesha kama ili neno la Apollo lipite, ilihitaji kura ya mtu asiye na mama.

Kisha Euripides. Mwaka 431 K.K. alileta Medea, na waamuzi walimpa nafasi ya tatu kati ya watatu. Kabla ya damu ya mwisho, yenye hakuna mtu anaitetea, Medea anawaambia wanawake wa Korintho mambo yenye kila mmoja alijua: tunanunua bwana kwa mali nyingi, na tukisha kumnunua anakuwa bwana wa mwili wetu, yeye akichoka na nyumba anatoka, sisi tunatazama mtu mmoja tu, wanasema hatujui hatari ya vita, lakini yeye angechagua kusimama mara tatu na ngao kuliko kuzaa mara moja. Majira ya baridi ya mwaka 416 kuingia 415, Athene ilishinda kisiwa cha Melos, ikaua wanaume wote wazima wenye kukamatwa, na kuuza wanawake na watoto. Thoukydides, mwenye kuandika kwa urefu mabishano ya wakubwa kabla ya mauaji hayo, anawapa wanawake na watoto nusu ya sentensi. Katika majira ya mchipuko ya mwaka 415, mbele ya raia haohao wenye kupiga kura, Euripides alileta wanawake wa Troia, wamekaa chini karibu na mahema, wakingoja kujua kila mmoja amepewa nani.

Sasa pingamizo lenye nguvu, nami silikimbii. Watasema: hao wote ni wanaume. Mwanaume aliandika, mwanaume alivaa uso wa mwanamke na kuigiza. Ni kweli kabisa. Sauti ya Medea si ushuhuda wa mwanamke wa Korintho. Ni ushuhuda wa namna wanaume wa Athene walijua mambo yenye walikuwa wakiyafanya. Lakini jambo hilo linawaangusha wapenzi wa kimya, halinianguishi mimi. Hakuna mtu anaandika malalamiko yenye hakuna mtu amewahi kuyasikia nyumbani kwake.

Na wanawake wenyewe waliandika. Hesiodos, karibu mwaka 700 K.K., alituletea Pandora, mwanamke wa kwanza, wa udongo, mwenye kufungua mtungi wa mabaya (mtungi, si sanduku, sanduku lilitoka kwa Erasmus katika karne ya 16). Pandora wa Hesiodos hasemi hata neno moja. Kisha miaka kama mia, katika kisiwa cha Lesbos, mwanamke Sappho alitunga shairi juu ya kitu gani ni kizuri kupita vyote duniani. Wengine, anasema, wanataja jeshi la farasi, wengine meli. Yeye anasema ni kile chenye mtu anapenda. Mfano wake ni Helene, mwenye kuacha bwana, mtoto na wazazi akavuka bahari. Wanaume walikuwa wameisha kumfanya Helene sababu ya maiti zote za Troia. Sappho hamhukumu. Anamleta kama mtu mwenye kupenda, kisha anamkumbuka rafiki yake Anaktoria mwenye kwenda mbali. Shairi hilo halikutufikia katika vitabu vya maktaba. Lilitoka katika papiri za Oxyrhynchos, katika Misri. Mchanga wa Afrika ndio ulilinda sauti yenye Ulaya ilipoteza, na sisi Waafrika ndio tunasimama kusema hapakuwa na sauti!

Siendi mbali kwa wengine. Artemisia, malkia wa Halikarnassos, aliongoza meli tano upande wa Waajemi katika vita vya Salamis mwaka 480 K.K.; Herodotos, mtu wa mji huohuo, anaandika kama ni yeye peke yake alimshauri mfalme asipigane baharini, na mfalme akapigana, akashindwa. Kyniska wa Sparta alishinda Olimpiki mara mbili kwa gari la farasi wake, mwaka 396 na 392, akaweka maandishi ya kujisifu. Katika Sparta hiyo Aristoteles alinung'unika kama karibu sehemu mbili kati ya tano za ardhi ziko mikononi mwa wanawake. Mwenye kusema «Wagiriki» kana kwamba walikuwa kijiji kimoja, aanze kuchagua mji.

Mmoja bado ninamtaja, juu yeye hakuwa malkia. Neaira alinunuliwa akiwa mtoto mdogo na mwanamke mwenye kufanya biashara ya wasichana huko Korintho. Alijikomboa, akaishi Athene na mwanaume mmoja, Stephanos. Katika miaka ya 340 K.K. adui wa Stephanos alimshitaki Neaira kama anajifanya bibi halali wa raia. Hotuba ya mshitaki tuko nayo mpaka leo, ndefu, yenye kuhesabu kila mwanaume mwenye kumgusa tangu utoto. Yeye hakuruhusiwa kujibu. Na mshitaki hakumchukia hata, alimtafuta bwana. Kama kuko kimya katika Ugiriki, ni kile: kimya chenye kuwekwa na sheria juu ya kinywa cha mtu mmoja, katika siku moja, na wanaume wenye faida yao. Si mila ya wazee, si tabia ya mwanamke.

Wengine wanapenda kumaliza mabishano kwa kusema kama kusoma hivi ni mtindo wa Wazungu wa leo. Plato, katika kitabu cha tano cha Republique, alisema walinzi wa mji wake, wanawake kwa wanaume, wafundishwe mambo yaleyale. Mwaka 411 Aristophanes aliwafanya wanawake wa Athene wafunge hazina ya mji ili vita viishe, na watu wakacheka, lakini walikuwa wanacheka vita vyao wenyewe. Mabishano haya yana miaka 2400. Na jirani yetu wa ng'ambo ya mto, Sylvain Bemba wa Brazzaville, alipoandika mwaka 1988 Noces posthumes de Santigone, hakuomba ruhusa kwa Mzungu. Alimchukua Antigone, msichana mwenye kumzika ndugu yake juu ya amri ya mfalme, kwa sababu alikuwa na maiti ya kwao ya kuzika.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wenzangu, zaidi wale wa Latin-Philo na wa historia. Tunawauliza watoto waeleze hasira ya Achilleus. Tuwaulize pia Briseis alipoteza nani. Katika darasa la wasichana na wavulana 50, kuko wenye watajibu haraka kuliko mwalimu. Kilio chake ni mistari 14 katika kitabu cha 19. Tafsiri za Kifaransa ziko, na ile ya zamani yenye sifa ni kazi ya mwanamke, Anne Dacier. Programu haikatazi. Saa moja inatosha.